Nusu Saa Usizime

Jumapili asubuhi, Nguba, mvua imekatika sasa hivi.
Nazungusha ufunguo: tak.
Nazungusha tena: tak, tak,
kama kuku anayedonoa bakuli tupu.
Taa za dashibodi zikafifia, zikalala.

Vijana wa makala wakaja kabla sijawaita.
"Papa, tusukume! Mteremko si huu hapa?"
Bukavu hakuna asiye na mteremko wa kukupa.
Wakasukuma hadi kona ya duka la unga,
gari likashuka kimya, zito, bila hata kukohoa,
nami ndani nawapungia watu mkono
kama gavana aliyeishiwa mafuta.

Fundi Murhula alitukuta chini, akacheka mpaka akashika magoti.
"Hii ni otomatiki, mzee. Hata uisukume mpaka Ruzizi
itaingia majini imelala."

Akafungua boneti. Akauliza kama daktari:
Imelala tangu lini?
Ulisikia harufu?
Nani aliacha taa?

Nikasema: watoto.

Sina mtoto nyumbani. Wa mwisho yuko Uvira, ameoa.
Murhula anajua. Akachomoa bisibisi, akanyamaza.

(Niliiacha mimi. Usiku kucha, ile taa ndogo ya dari,
nikisoma karatasi za parseli ya mama,
natafuta mahali palipoandikwa kwamba Cikuru ni mwizi.
Hapakuandikwa.
Nikaanza tena ukurasa wa kwanza
mpaka usingizi ukanikuta na kalamu mkononi.)

Mama Nsimire akaleta teksi yake, pua kwa pua.
Waya mwekundu kwenye chanya,
mweusi kwenye chuma kitupu cha injini.
"Iache kwanza inyonye."
Tukangoja. Nsimire akanunua mandazi, akatugawia moto moto.
Haya, washa.
Tak.

Ikasingiziwa batri. Ikasingiziwa demarere,
ikagongwa mgongoni kwa nyundo, polepole, kama mtu aliyepaliwa.
Fyuzi zikachomolewa moja moja, zikainuliwa juani
jinsi wanunuzi wa mawe wanavyoinua mawe.
Vichwa vya batri vikaoshwa kwa maji ya moto na magadi;
ule ukungu wa kijani ukatoa povu, ukaenda zake.
Tak.

Ndipo Murhula akatandika gunia topeni, akaingia chini.
Akakaa sana. Tuliona viatu tu.
Sauti ikatoka uvunguni:
"Ni masi."

Waya wa masi, ule unaofungwa kwenye bodi,
mnene kama kidole, nje mzima kabisa,
ndani umeliwa na kutu, umebaki nyuzi tatu.
"Watu wote hutazama waya unaopeleka.
Umeme ukienda lazima urudi, mzee.
Ukikosa njia ya kurudi, hauendi kabisa."
Hakuwa ananisema mimi.
Alikuwa ananyoosha mkono, anataka spana namba kumi.

Saa mbili na robo gari likanguruma.
Nsimire akapiga kigelegele, vijana wa makala wakadai soda.
Murhula akafuta mikono kwenye suruali:
"Nusu saa usizime. Zunguka tu. Batri ishibe."

Nizunguke wapi? Mafuta yenyewe ya kuhesabu.
Nikafika Nyawera, nikasema nitageuza.
Sikugeuza. Nikapanda Kadutu, nikapanda,
hadi lango la bluu
ambalo tangu matanga sijalibisha.
Nikapiga honi, moja, fupi.

Cikuru akatoka na mswaki mdomoni, povu kidevuni,
na mvi ambazo kwenye matanga hazikuwepo.
Akalitazama gari. Akanitazama.
"Zima basi, uingie."
"Siwezi kuzima."

Akafikiri. Akatema povu mtaroni.
Akazunguka upande wa pili, akaubamiza mlango kwa nyonga,
maana huo haufunguki hivi hivi, anaujua,
akaketi na ndala zake mbichi
juu ya karatasi za parseli.
Hakuuliza ni za nini.

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na saba.